Kwa mpwa wangu wa Moshi: ile namba haikuishia kwenye simu

Mpwa wangu,

Hujambo? Sisi huku Arusha wazima.

Krismasi, pale kwa bibi Kiboriloni, uliandika kwenye simu 2 kwa kipeo cha 67, ukatoa 1, ikaja 1.475739526E20. Ukasema, "Mjomba, hapa hesabu imefika mwisho." Tukaitwa kula, mazungumzo yakakatika. Nakujibu hapa hadharani kwa sababu najua wenzako wengi wanaamini hivyo hivyo, na mimi jambo hili linanigusa sana.

Namba yenyewe ni 147,573,952,589,676,412,927. Simu ilikuficha tarakimu za mwisho, lakini ile ya mwisho kabisa ungeijua hata gizani. Vipeo vya 2 huishia na 2, 4, 8, 6, kisha vinarudia mzunguko. Gawanya 67 kwa 4, linabaki 3; kwa hiyo tarakimu ni 8, toa 1, ni 7. Jumlisha tarakimu zote 21 utapata 109, basi haigawanyiki kwa 3.

Je, ni namba tasa, yaani isiyogawanyika ila kwa 1 na kwa yenyewe? Mersenne, padri wa Ufaransa, aliiweka kwenye orodha yake ya namba tasa mwaka 1644. Mwaka 1876 Mfaransa mwenzake, Édouard Lucas, akathibitisha kuwa si tasa. Na hapa soma polepole: alithibitisha kwamba inagawanyika bila kujua hata kigawo chake kimoja!

Njia yake, ambayo mwanahisabati Mmarekani, Lehmer, aliinyoosha baadaye, unaiweza. Chukua 2 kwa kipeo cha 5 toa 1, yaani 31. Anza na 4. Izidishe kwa yenyewe, toa 2: 14. Tena: 194, ambayo ukigawanya kwa 31 inabaki 8. Endelea na hiyo 8: 8 mara 8 toa 2 ni 62, ukigawanya kwa 31 inabaki 0. Kipeo ni 5, kwa hiyo unarudia mara 3, pungufu ya kipeo kwa 2. Ukimalizia na 0, namba ni tasa. Usipomalizia na 0, si tasa. Kwa namba yetu unarudia mara 65, na 0 haiji.

Vigawo vilisubiri hadi Oktoba 1903, New York, Frank Nelson Cole alipoandika ubaoni, mbele ya wanahisabati wenzake:

193,707,721 × 761,838,257,287

Inasimuliwa kwamba alizidisha kwa mkono mpaka mwisho bila kusema neno, akarudi kukaa, ukumbi ukapiga makofi. Kuzidisha ni kazi ya dakika chache kwenye daftari lako. Kuvipata ndiko kugumu. Kila kigawo cha namba hii lazima kibaki 1 ukikigawanya kwa 134, na kibaki 1 au 7 ukikigawanya kwa 8. Hata ukichuja hivyo, hadi ufike kwenye kile kidogo zipo namba zaidi ya laki saba. Cole hakwenda moja moja. Alitumia mabaki ya namba za mraba, yaani kinachobaki ukigawanya namba kama 1, 4, 9, 16, kuzipunguza. Jaribu kugawanya 193,707,720 kwa 134 uone inavyoingia bila baki.

Kipimo hicho hicho cha Lucas na Lehmer bado kinafanya kazi. Mwaka 2024 kilithibitisha kwamba 2 kwa kipeo cha 136,279,841 toa 1 ni namba tasa. Ina tarakimu 41,024,320, na hakuna simu ya kuionyesha kwenye kioo.

Sasa zamu yako. Chukua 2 kwa kipeo cha 11 toa 1, yaani 2,047. Fanya kipimo mara 9, uone kama unafika 0. Usipofika, tafuta vigawo ukijua kila kimoja lazima kibaki 1 ukigawanya kwa 22. Piga picha daftari unitumie, hata ukikwama katikati. Na mama yako mwambie ndizi zimefika.

Mjomba wako,
Arusha