Wanangu mnaoandika habari za taarab na ngoma, kaeni mpaka shoo iishe

Wanangu, asalaam aleikum. Nawaandikia nyie mnaochambua taarab, maigizo na ngoma kwa kujitegemea, msio na mshahara wala ofisi, mnaolipwa stori moja moja na saa nyingine hamlipwi kabisa. Kazi hii nimeifanya miaka mingi, Unguja na Dar, na mpaka leo nawasoma, ndo maana nimeshindwa kunyamaza.

Nikimaliza kuwasoma najua ukumbi ulijaa, najua mwimbaji alivaa nini na kashuka kwenye gari gani, ila sijui kaimba nini. Mnaandika "alikonga nyoyo za mashabiki", mnaandika "alifunika", basi, mmemaliza. Taarab ni maneno jamani. Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri aliimba Kiswahili, wakati taarab ya mabwana wakubwa ilikuwa ya Kiarabu, na watu wa kawaida walimpenda kwa sababu alikuwa anaimba mambo yao, dhulma, kesi, nani kaonewa na nani kapendelewa. Sasa umati wa watu unauhesabu, ubeti hata mmoja hujausikiliza, umechambua nini hapo?

Tena usiangalie stejini tu. Mama akinyanyuka na noti mkononi kwenda kumtunza mwimbaji, angalia kanyanyuka ubeti upi, na kapita mbele ya meza ya nani huku anacheza, maana pengine anamjibu mtu aliyekaa pale pale, na wenyewe wote ukumbini wanajua isipokuwa wewe uliyeinamia simu unaposti picha.

Niwaambie kosa langu, linaniuma mpaka leo. Zamani hizo naandikia gazeti moja, nikaenda Mji Mkongwe kusikiliza kikundi cha taarab asilia. Wakapiga bashraf, ule muziki wa kufungulia usio na maneno, zikaja nyimbo tatu, baridi kabisa, mie nikaondoka maana asubuhi nina boti ya Dar, na usiku ule ule nikaandika kwamba kikundi kimechoka. Wiki mbili baadae nakutana na mpiga fidla wao Darajani sokoni, mtu mzima, hakunigombeza, kaniuliza tu "Mwanangu, uliondoka saa ngapi?" Kumbe kanuni, kile chombo cha nyuzi kinacholazwa mapajani, ilikuwa imewasumbua tangu mwanzo, na kanuni ina nyuzi zaidi ya 70, zimekaa tatu tatu, unyevu wa pwani ukizilegeza kila kitu kinapwaya, hata mwimbaji anapotea. Mie nilivyotoka wao wakasimama, wakailinganisha upya uzi kwa uzi, wakaanza tena, na watu walikaa mpaka saa tisa usiku. Ile stori mimi nililipwa. Wao walikosa harusi mbili, wenye harusi wamesoma gazetini kuwa kikundi kimechoka.

Kwa hiyo kaeni mpaka mwisho. Na mjue kinachopigwa pale mbele, hii ni udi, hii nai, ile kodiani, yule anapiga dumbaki, sio "vyombo vya asili". Mkienda Bagamoyo ndo balaa, kila kitu "ngoma za asili", wakati bugobogobo ya Wasukuma na majembe yao haifanani hata kidogo na lizombe ya Wangoni, wala sindimba ya Wamakonde, wala msewe wa Pemba. Muulize mchezaji, atakwambia, atafurahi sana kuulizwa. Spika zikikoroma sema zimekoroma, usimwambie mwimbaji hana sauti. Na taarab ya kisasa msiidharau kwa sababu ya kinanda na gitaa, sikilizeni maneno yake kwa sikio lile lile.

Bahasha sasa. Tiketi ya bure pokea, bila hiyo wengi wenu hamuingii. Nauli ya kikundi, "soda" ya meneja, usipokee, hata kama hujala tangu mchana, najua ilivyo ngumu na siwalaumu waliowahi kupokea, ila ukishapokea kalamu inakuwa nzito kwenye kosa na nyepesi kwenye sifa, na wasanii wenyewe wanajua nani kalipwa. Na kama mwimbaji ni shangazi yako, maana huku kwetu kila mtu ni shangazi wa mtu, sema pale juu kabisa kuwa ni shangazi yako, au mpe mwenzio aandike.

Bei mkubaliane na mhariri kabla hujapanda daladala, hata kwa meseji, ibaki imeandikwa, na mwambie mapema kwamba shoo inaisha saa tisa usiku kwa hiyo saa mbili asubuhi hapati uchambuzi. Akisema anataka asubuhi hiyo hiyo, mpe habari fupi kwamba shoo imefanyika, nani kapanda na wapi, basi. Uchambuzi mpelekee keshokutwa, ukishalala, ukishapitia ulichoandika kwenye daftari, ukishawafuata wanamuziki mazoezini ukawauliza ule wimbo wa tatu alitunga nani na anaambiwa nani.

Ni mie mama yenu, Unguja.