Kompyuta zimefika, sasa tuulizeni habari za mwalimu

Ndugu Mhariri,

Mimi ni mwalimu wa fizikia na hisabati katika shule ya sekondari. Nimesoma tena gazetini mwako habari ya shule iliyokabidhiwa kompyuta, na picha zilikuwa zile tulizozizoea: maboksi, utepe, watu wakipeana mikono. Waliotoa nawashukuru kwa dhati. Lakini habari hizi huishia pale ambapo kwetu sisi walimu kazi ndiyo kwanza inaanza, na ndiyo sababu ya barua hii.

Shule niliyokuwa nikifundisha zamani nayo ilipata kompyuta 20. Zikafungiwa chumbani nyuma ya mlango wa chuma, funguo akapewa mtu mmoja. Mwalimu aliyetaka kuingiza wanafunzi alijaza daftari na kutia saini kwamba kitakachoharibika atalipa yeye. Muhula wa kwanza niliingia mara tatu. Muhula wa pili sikuingia kabisa, na siwalaumu wenzangu ambao hawakuwahi kuingia hata mara moja. Nani atajitwika deni linaloshinda mshahara wake kwa ajili ya kipindi cha dakika 40? Nilipohama, baadhi ya kompyuta hizo bado zilikuwa na nailoni zake.

Nilikohamia hakuna chumba cha kompyuta. Kuna projekta moja, na mimi nina kompyuta yangu ya mkononi. Mwaka wa kwanza niliitumia vibaya, nakiri. Nilichapa notsi zangu, nikazimulika ukutani, wanafunzi wakainamisha vichwa na kunakili kama walivyokuwa wakinakili ubaoni. Wageni waliotutembelea walisifu kwamba shule inakwenda na wakati. Mtihani ulipokuja, majibu yalikuwa yale yale ya miaka yote.

Kilichonibadilisha ni somo la jiwe na uzi. Darasa lilikuwa na wanafunzi 48, nikawagawa makundi 12. Kila kundi lilipata jiwe, uzi na urefu wake: sentimita 25, 50, 75 au 100. Simu zilikuwa nne, tatu kati yake niliazima kwa walimu wenzangu, zikawa ndizo saa zetu. Kazi ilikuwa kupima jiwe linachukua sekunde ngapi kwenda na kurudi mara 10. Kabla ya kuanza niliwauliza, jiwe zito litawahi kuliko jepesi? Karibu wote walinyoosha mikono kusema ndiyo. Na uzi ukirefushwa mara mbili, muda nao utaongezeka mara mbili? Ndiyo tena.

Majibu yalipokuja niliyaingiza moja moja kwenye jedwali la kompyuta, darasa zima likitazama ukutani. Uzi wa sentimita 25 ulitoa sekunde 10 hivi, wa 50 ukatoa 14 na kidogo, wa mita moja ukatoa 20. Kwa hiyo, ili muda uwe mara mbili, uzi ilibidi urefuke mara nne. Mawe mazito na mepesi hayakupishana kwa lolote la maana. Kisha nikaomba kompyuta ichore grafu, na hapo palitokea nukta moja iliyokaa peke yake, chini kabisa. Makundi mawili ya sentimita 75 yalikuwa yamepata sekunde 17.3 na 17.5, la tatu liliandika 8.7.

Darasa likataka nukta ile ifutwe. Nikakataa. Wenye nukta yao walianza kujitetea, wengine wakalaumu simu, wengine wakasema jiwe lao lilikuwa dogo. Ndipo mvulana mmoja wa nyuma, ambaye kwa kawaida hasemi, akasema 8.7 mara mbili ni 17.4. Kimya. Kundi likaitwa mbele lirudie, mmoja akihesabu kwa sauti: "moja" jiwe lilipofika upande wa pili, "mbili" liliporudi. Darasa zima likaguna kwa pamoja. Walikuwa wakihesabu kwenda peke yake na kurudi peke yake.

Mhariri, ujuzi wa kisasa tunaoimbiwa kila siku mimi niliuona pale. Watoto walipima, wakatilia shaka kipimo chao wenyewe, wakatafuta kosa lilikojificha wala hawakulifuta ili grafu ipendeze. Kompyuta ilikuwa moja tu. Ilifanya kwa sekunde chache kazi ya kuchora ambayo kwa penseli ingemaliza kipindi, na muda uliobaki ukatumika kubishana.

Tangu siku hiyo kila kifaa nakiuliza swali moja: mwanafunzi atafanya nini nacho ambacho bila hicho asingeweza? Kuna majaribio ya sayansi ya kufanyia kwenye kompyuta ya PhET, mradi ulioanzishwa mwaka 2002 katika Chuo Kikuu cha Colorado na Carl Wieman, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya fizikia ya mwaka 2001. Ni bure, na ukishayapakua hayahitaji intaneti. Mwanafunzi anaunganisha betri na waya bila balbu, betri inawaka moto kwenye skrini na hakuna anayeungua. Baadaye nawapa betri na waya za kweli, na huwa nafurahi kuwaona wakisita kabla ya kugusisha ncha mbili. Programu ya Kiwix nayo inakuwezesha kubeba Wikipedia nzima ndani ya kompyuta isiyo na mtandao. Vitu hivi vipo, ila kuvijua na kuvijaribu kwataka muda, na muda ndio mwalimu hana.

Dunia imeshajaribu njia ya kugawa vifaa kwanza. Mwaka 2005 mtaalamu wa kompyuta wa Marekani, Nicholas Negroponte, alitangaza mpango wa kompyuta ndogo moja kwa kila mtoto. Peru ilikuwa miongoni mwa nchi zilizogawa kwa wingi, na watafiti waliofuatilia shule 319 za msingi za vijijini huko hawakuona wanafunzi wakipanda katika hisabati wala lugha. Kompyuta zilitumika, lakini masomo yalibaki yalivyokuwa. Sishangai. Hata mimi nilikuwa na projekta mwaka mzima, nayo haikunifundisha jinsi ya kufundisha.

Sasa imekuja akili mnemba, na wanafunzi waliifikia kabla yetu. UNESCO katika mwongozo wake wa mwaka 2023 ilipendekeza asiyefikisha miaka 13 asiitumie darasani, nami naafiki. Kwa wakubwa, kupiga marufuku peke yake hakusaidii, maana wakitoka getini wanaikuta simuni. Mimi nawapa majibu yake wayasahihishe kwa kalamu nyekundu. Siku moja niliiuliza programu mojawapo swali la uzi wa sentimita 50. Ikajibu kwa ufasaha, kanuni sahihi, hatua kwa hatua, ila iliingiza 50 pale panapotakiwa mita. Jibu likawa sekunde 14 kwa kwenda na kurudi mara moja. Msichana mmoja akapinga pale pale: "Mwalimu, hizo ni sekunde zetu za mara kumi!" Alijua kwa sababu alishawahi kuushika uzi huo na kuuhesabu. Asiyewahi kupima angeandika 14 na kukusanya daftari.

Somo lile la mawe lilinigharimu jioni mbili za maandalizi, na lile la betri jioni tatu. Nina vipindi 28 kwa wiki na madaftari ya kusahihisha juu yake. Semina tulizoitiwa zilikuwa za siku moja au mbili, zikafundisha kuwasha, kuzima na kuandika barua. Hakuna iliyokaa na walimu wa fizikia ikauliza kompyuta itufae vipi kwenye umeme au mwanga, wala na walimu wa historia juu ya ramani zao. Ninachoomba kwa wanaopanga bajeti ni saa chache kwa wiki zilizotengwa kwa ajili ya maandalizi, mafunzo yanayofuata somo la mwalimu, na kufutwa kwa ile saini ya kulipa kitakachoharibika. Kifaa cha shule kikitumika kitachakaa. Fungu la matengenezo litengwe tangu siku ya kwanza, kama tunavyotenga la chaki.

Na kwako, Mhariri, nina ombi pia. Mwandishi wako akienda kupiga picha ya makabidhiano, namsihi arudi shuleni hapo baada ya mwaka mmoja, siku ya kawaida isiyo na wageni. Aombe ratiba ya chumba cha kompyuta, aulize funguo anazo nani, kisha akae nyuma ya darasa kipindi kimoja aandike wanafunzi wanafanya nini.

Wako,
Mwalimu wa fizikia na hisabati