Mhariri, vijeba wanawamaliza watoto wetu

Ndugu Mhariri,

Salamu kutoka Tanga, mi nakaa Makorora, kazi yangu ni fundi baiskeli hapa Ngamiani na jioni nikishafunga kibanda naenda kiwanjani kufundisha watoto mpira, nina miaka 11 sasa naifanya hiyo kazi na hakuna anayenilipa wala sijawahi kudai, napenda tu. Naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako kwa sababu kuna jambo linaniuma na naona halisemwi.

Tangu Serengeti Boys, timu yetu ya taifa ya vijana, wapoteze mechi zote 3 kule Morocco mwaka 2025 kwenye AFCON ya vijana chini ya miaka 17, kila nikikaa na watu nasikia maneno yaleyale, oo kocha, oo maandalizi, oo watoto wetu wadogo kwa umbo. Waganda ambao tulikuwa nao kundi moja wakatufunga 3-0, wao wakaendelea mpaka Kombe la Dunia kule Qatar, sisi tukarudi nyumbani. Inauma kweli. Lakini ukiniuliza mimi tatizo linaanzia wapi, sikupeleki Morocco, nakuleta hapa hapa mtaani kwenye viwanja vya vumbi, kwenye ligi za kata na mashindano ya shule, na tatizo lenyewe ni vijeba, yaani watu waliozidi umri wanaoandikwa kama watoto.

Naomba nieleweke, sisemi timu ile iliyokwenda Morocco ilikuwa na vijeba, sina ushahidi huo na siwezi kumsingizia mtoto wa mtu. Nasema kijeba anamaliza timu ya taifa kabla haijaundwa, miaka mitatu minne nyuma, pale ambapo mtoto mwenye miaka 13 ya kweli anakaa nje ya uwanja anaangalia nguo za wenzake kwa sababu nafasi yake kapewa mtu wa miaka 19 aliyeandikiwa 15. Huyo mdogo hachezi mechi, na mpira haufundishwi kwa maneno, ni mechi. Afu siku taifa linamtafuta mwenye umri halali, unamkuta hana mechi mwilini.

Sisi Watanzania tulitakiwa tuwe wa kwanza kulijua hili maana limeshatupiga na limeshatubeba. Mwaka 2005 tulishapata nafasi ya kwenda fainali za Afrika za vijana kule Gambia, watu wameshashangilia, tukaondolewa kwa sababu ya mchezaji aliyezidi umri. Vijana wengine wote wa timu ile ambao hawakufanya kosa lolote wakakosa fainali. Mi nilikuwa kijana tu wakati ule na nakumbuka wazee walivyokaa kimya kwenye baraza pale mtaani siku habari ilipofika.

Afu ikaja 2017 na safari hii ikawa upande wetu. Wengi wamesahau kwamba Serengeti Boys ya kocha Bakari Shime ilitolewa na Congo Brazzaville, tuliwafunga 3-2 Dar es Salaam, wakatufunga 1-0 kwao, wakapita kwa goli la ugenini. TFF, shirikisho letu la mpira, wakakata rufaa juu ya umri wa mchezaji wao mmoja, CAF, shirikisho la Afrika, wakataka aende akapimwe MRI, picha ya mfupa ya kujua umri, hakutokea, Congo wakaondolewa na sisi tukaingia. Hivyo ndivyo tulivyofika fainali za Afrika kule Gabon. Na tulipofika hatukuaibika hata kidogo, tukatoka 0-0 na Mali ambao ndio waliokuja kuwa mabingwa, tukawafunga Angola 2-1, tukabakiza Niger. Sare tu ilikuwa inatupeleka nusu fainali, na nusu fainali ndo ilikuwa tiketi ya Kombe la Dunia India. Wakatufunga 1-0. Tukalingana nao pointi 4, wao wakapita kwa sababu walitufunga sisi, wakaenda India. Siku hiyo nilikuwa kibanda umiza na watoto wangu kama 20, nimewalipia mwenyewe, filimbi ya mwisho ilipopigwa hakuna aliyesimama, mwenye kibanda mwenyewe akawaacha wakae mpaka walipochoka.

Hapa Tanga sisi tuna haki ya kuiona timu ile kama yetu. Shime tunamjua toka yupo na Mgambo JKT, tulikuwa tunamuona Mkwakwani. Na yule Abdul Suleiman, Sopu, aliyewafunga Angola, si ndo huyohuyo aliyekuja kuvaa jezi ya Coastal Union na mwaka 2022 kwenye fainali ya Kombe la Shirikisho pale Arusha akawatia Yanga goli 3 peke yake, mechi ikaisha 3-3 tukatolewa kwa penati, Tanga nzima ilikuwa inaimba jina lake hata tulivyofungwa. Dickson Job naye na Kibwana Shomari wametoka timu ileile ya Gabon. Sasa jiulize, kama rufaa ya 2017 isingekuwepo, yaani kama jamaa wa Congo angepita na umri wake, hao vijana wasingepata zile mechi 3 za Gabon, na mechi kama zile kwa mtoto wa miaka 17 zinambadilisha kabisa. Ndo maana nasema tunadaiwa. Sheria ya umri ilitupa fainali, na sisi tunaivunja kila Jumamosi kwenye viwanja vyetu.

India yenyewe tulikuja kufika, ila waliotupeleka ni mabinti. Mwaka 2022 Serengeti Girls, na kocha ni huyohuyo Shime, waliwatoa Cameroon kwa kuwafunga 4-1 kwao na 1-0 Zanzibar wakaenda Kombe la Dunia, timu ya kwanza ya mpira wa miguu ya Tanzania kucheza Kombe la Dunia la FIFA. Wakapigwa 4-0 na Japan, watu wakaanza kuzima TV, siku 3 baadaye wakawafunga Ufaransa 2-1! Wakatoka 1-1 na Canada wakaingia robo fainali, Colombia ndo wakawatoa kwa 3-0. Nawataja kwa sababu kila nikikataa kijeba kwenye timu yangu kuna mtu ananiambia kocha bila mijitu huwezi kushinda. Wale mabinti walishindaje Ufaransa?

Sasa nije kwenye yale niliyoyaona kwa macho yangu, na sitataja timu wala mtu.

Miaka 3 iliyopita tulikuwa na mashindano ya chini ya miaka 15 ya kata na kata. Timu moja ikaja na beki mmoja mrefu, kifua kimejaa, mi nilimtambua palepale kwa sababu wiki mbili kabla alikuja kibandani kwangu nikamtengenezea baiskeli, na kwenye kerea ya ile baiskeli alikuwa amempakia mwanawe. Mtoto wake wa kumzaa. Nikaenda kwa wasimamizi nikawaambia, wakanionyesha cheti cha kuzaliwa, cheti halali kabisa kina muhuri, ila ni cha mdogo wake. Wakasema sisi tunaangalia karatasi. Mechi ikachezwa. Winga wangu wa kushoto alikuwa na miaka 14, mwembamba, mwepesi, alikuwa na kile kitu ambacho huwezi kukifundisha, anajua beki anataka kwenda wapi kabla beki mwenyewe hajaamua. Dakika ya 20 na kitu yule beki akamuingia, akaanguka vibaya, mfupa wa bega ukavunjika. Nikampakia mwenyewe kwenye bajaji mpaka hospitali, njia nzima hakulia, alikuwa ananiuliza tu kama refa ametoa kadi.

Hakutoa.

Bega lilipona lakini dogo hakurudi uwanjani. Mama yake alinikatalia na sikuwa na la kumjibu. Saivi ukienda Deep Sea asubuhi utamkuta anabeba ndoo za samaki, akiniona ananisalimia shikamoo kocha vizuri tu na mi nageuka haraka maana nashindwa kumtazama.

Na kuna upande mwingine ambao ni wa wazazi. Kuna mama mmoja, mwanawe alikuwa na miaka 17, akaja mtu kutoka mbali anasema anatafuta vipaji, akamwambia huyu dogo mzuri lakini tumpunguze miaka 3 ndo soko lipo. Nikaenda kumsihi, akaniambia, "Kaka yangu, mtoto ashapata bahati, wewe wataka kumrudisha kwenye vumbi?" Mi namuelewa yule mama, hana kitu, watoto wanne, mume yupo baharini hajui atarudi na nini. Lakini nilimweleza, dada yangu, hii bahati ina mwisho mbaya, kuna kipimo. Tangu 2009 FIFA wanapima kwa MRI kwenye Kombe la Dunia la vijana wa miaka 17, wanaangalia mfupa wa mkono hapa karibu na kiganja, kwa mtoto anayekua kuna sehemu haijaungana bado, ikishaungana yote inaonekana kwenye picha, na ni nadra sana iungane kabla ya miaka 17. Hapo karatasi haisaidii, hata uwe na muhuri wa wapi. Cameroon mwezi wa kwanza 2023 waliwapima wachezaji 30 wa timu yao ya chini ya 17, wakaanguka 21. Ishirini na moja! Fikiria kocha anaambiwa aanze upya wakati mashindano yako mlangoni, anaokota watoto ambao hawajawahi kucheza pamoja. Dogo wa yule mama akaondoka, na umri wake mpya. Sijamsikia tena.

Na mimi mwenyewe nilishafanya. Mwaka wangu wa pili kufundisha nilimwandika kijana mmoja mwaka wa uongo kwenye fomu, tukachukua kombe na mbuzi, tukala. Kijana yule alizoea kushinda kwa nguvu tu, hakujifunza kupokea mpira wala kugeuka, alipofika timu ya wakubwa ambako wote wana nguvu kama zake akaachwa ndani ya msimu mmoja. Nilimharibia mimi. Na waliokaa benchi nyuma yake niliwaharibia pia, ndo maana siku hizi silegezi.

Watu watasema mtoto wa Tanga atajulikanaje umri wakati wengi vyeti vinatafutwa wakishakuwa wakubwa. Ni kweli, cheti kinachokatwa mtoto ana miaka 14 kwa sababu ya safari ya mpira hakina maana. Lakini kadi ya kliniki ipo, kina mama wanaitunza chini ya godoro pamoja na kadi ya harusi. Namba ya PREM ya shule ya msingi ipo, mtoto anayo na ukiifuatilia unajua yupo darasa gani na alizaliwa lini kwa maandishi ya kabla hajajua mpira utampeleka wapi. Mwalimu wake wa darasa la kwanza bado yupo mtaani. Hizi kitu hazihitaji hela ya MRI, zinahitaji msimamizi anayetaka kujua. Mi naomba kuanzia ngazi ya kata, chama cha mpira cha wilaya na wale wa michezo ya shule, UMITASHUMTA ya msingi na UMISSETA ya sekondari, wakubaliane, hakuna mtoto anayesajiliwa kwa cheti peke yake, na timu ikikamatwa isipokonywe pointi 3 tu, kocha aliyejaza fomu afungiwe, maana mtoto hajazi fomu.

Na mashindano yenyewe yawe mengi. Serengeti Boys ya 2019 tulipoandaa fainali nyumbani, ile mechi ya kwanza na Nigeria tulikuwa nyuma tukageuza tukawa mbele, Taifa inatetemeka, tukaishia kufungwa 5-4. Afu Uganda 3-0, Angola 4-2. Tulifungwa magoli 12 kwa mechi 3. Mimi naona pale watoto walijua kushambulia lakini kulinda ushindi walikuwa hawajawahi kukutana nako, na ungekutana nako wapi kama kwa mwaka mtoto anacheza mechi 8 za mashindano na 5 kati ya hizo anacheza na watu wenye ndevu? Na wale waliofuzu wakasubiri fainali za 2021 kule Morocco zikafutwa kwa korona, wale ndo bahati yao ilikuwa mbaya kabisa, umri ukawapita hivihivi.

Tunacho kituo cha TFF hapa Mnyanjani, kitu ambacho mikoa mingine wanakitamani. Sitaki kuombea watoto wangu nafasi ya kulala pale. Naomba tu waalimu wa pale waje waone. Likizo ya mwezi wa 6 tunaanza mashindano ya wadogo hapa Makorora, timu 8, chini ya miaka 13 na chini ya 15, kila mtoto anakuja na kadi ya kliniki na mzazi au mlezi wake, daftari la majina nashika mimi na mama mmoja mwalimu mstaafu ambaye kawafundisha nusu yao kusoma. Tunaanza saa 1 asubuhi kabla jua halijawa kali. Kama kuna anayesoma barua hii na ana mipira hata iliyotumika, namba 4 inatosha, aje nayo.

Ni mimi msomaji wako,
Fundi baiskeli na kocha wa watoto,
Makorora, Tanga.