Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Akili Mnemba na Vinyama vya Utumbo Mpana

Ndugu wanachama,

Mahesabu na orodha ya wanachama wapya mtayakuta kwenye taarifa za mweka hazina na katibu. Mimi nitazungumzia jambo lililoila kamati tendaji muda mwingi kuliko yote mwaka huu: je, maabara zetu zianze kutumia akili mnemba kusoma vinyama, yaani vipande vya tishu vilivyotolewa mwilini kwa uchunguzi, vya saratani ya utumbo mpana?

Walioleta suala hili wana hoja. Takriban uvimbe 15 katika kila 100 wa saratani hii huwa na hitilafu kwenye protini zinazosahihisha makosa ya DNA. Majibu hayo hubadilisha tiba, kwa sababu wenye hitilafu ndio hasa wanaonufaika na dawa za kuamsha kinga ya mwili. Pia huweza kufichua ugonjwa wa Lynch, hali ya kurithi inayoongeza hatari ya saratani, na hapo inabidi ndugu na watoto wa mgonjwa nao waitwe. Uingereza ilishaelekeza tangu 2017 kwamba kila mgonjwa wa saratani hii apimwe hivyo. Kwetu, kingamwili zinazotumika kupima protini hizo (MLH1, PMS2, MSH2 na MSH6) ni vitendanishi ambavyo maabara nyingi huvipata kwa taabu, nyingine hazivipati kabisa.

Mwaka 2019, mtafiti Jakob Kather na wenzake walionyesha katika jarida la Nature Medicine kwamba kompyuta inaweza kukisia hitilafu hiyo kwa kutazama slaidi ya kawaida iliyotiwa rangi za hematoksilini na eosini, hiyo hiyo tunayoiandaa kila siku. Skana huipiga picha, picha hukatwa vipande vidogo, kila kipande kikapewa alama. Kamati iliipenda zaidi kazi hiyo ikiwa chekecheke: ambao mashine haiwatilii shaka wawekwe kando, kingamwili chache tulizonazo ziwapime waliobaki.

Lakini utafiti huo huo una onyo. Modeli (programu iliyofundishwa) ya saratani ya tumbo, iliyofundishwa kwa wagonjwa ambao wengi wao si Waasia, ilishuka uwezo ilipopelekewa slaidi za Japani. Sijui nani atashangaa ikitokea hivyo kwa slaidi za Mwanza au Moshi.

Wasiwasi wangu mwingine, na ndio mkubwa, unaanzia thieta, chumba cha upasuaji. Bado tunapokea kipande kizima cha utumbo kimesokomezwa kwenye kikopo, fomalini, dawa ya kuhifadhi tishu, haijakifunika, hakuna aliyeandika kilitolewa saa ngapi. Tishu iliyooza mtaalamu ataiona na kuuliza maswali. Programu isiyowekewa kizuizi itatoa namba tu, tena yenye desimali. (Hizo desimali huwavutia sana wanunuzi.)

Kwa hiyo kamati haipendekezi maabara yoyote inunue mfumo huu kwa sasa. Tunapendekeza kwanza bloku za nta zenye tishu za wagonjwa zilizo kwenye makabati yetu, ambazo zimeshapimwa kwa kingamwili, zitumike kuijaribu programu baada ya kupata kibali cha maadili ya utafiti, na majibu yote yaletwe kwa wanachama, mazuri na mabaya.

Hoja ya kura ni moja: fomu ya maombi ya kipimo iongezwe nafasi mbili, saa kinyama kilipotolewa na saa kilipotiwa kwenye fomalini. Wanaopinga wampe katibu maoni yao kwa maandishi kabla ya mkutano mkuu.

Mwenyekiti