Mchungaji akiwa masomoni, madhabahu tugawane wenyewe

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wazee wa kanisa wenzangu, hasa wa sharika za Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) huku Kilimanjaro. Mchungaji wetu yuko masomoni. Alipoondoka, baraza lilikaa mpaka giza likaingia, na uamuzi ukawa kualika wahubiri kutoka mjini. Mimi nilipinga, nikashindwa kwa kura.

Mgeni wa kwanza alihubiri hadi watu wa ibada ya pili wakawa wamejaa nje chini ya miparachichi, mvua ikiwanyeshea. Kalenda yetu ina masomo ya kila Jumapili. Yeye hakuyagusa. Alihubiri miujiza, kisha akaomba watu "wapande mbegu" kwenye bahasha alizokuja nazo mwenyewe. Mama mmoja muuza ndizi alitoa hela ya mtaji. Nilikaa naye benchi moja, nilimwona akiifungua ile kanga.

Baada ya hapo wazee wakakumbuka kwamba tuna mwinjilisti. Wakamtwika yeye kila kitu: mahubiri, mazishi, wagonjwa, kipaimara, na mtaa wa juu ambako bodaboda haifiki mvua ikinyesha. Sauti ilimkauka. Posho yake, tusiulizane.

Ndipo tukapanga zamu. Mwinjilisti Jumapili mbili, wazee na viongozi wa vijana zilizobaki, na mchungaji wa usharika jirani anakuja mara moja kwa mwezi kwa Chakula cha Bwana na ubatizo, maana hapo sisi walei hatuna ruhusa na wala hatuitaki. Anayehubiri Jumapili anakutana na wenzake Alhamisi jioni, wanasoma pamoja, wanamkosoa bila kumwonea haya. Mimi ni mwalimu mstaafu, na nakiri napenda sana hiyo sehemu ya kukosoa.

Zamu ya mzee mmoja mkulima wa kahawa ikaangukia Mathayo 20, wale vibarua wa shamba la mizabibu. Alipanda na kipande cha daftari mkononi, kinatetemeka. Akasema: mimi nalipa kwa debe, na ningemlipa aliyechuma debe moja sawa na aliyechuma manne, kesho yake nisingepata mtu. Akanyamaza. Kisha akasema, lakini yule aliyekosa kazi asubuhi naye ana watoto wanaosubiri unga. Akashuka. Hazikufika dakika 15. Kwenye mnada wa sadaka baada ya ibada, kuku ananadiwa huku watu wanabishana habari ya ujira, na vibarua wenyewe wakiwemo. Sijawahi kuona mahubiri ya mgeni yakifuatwa mpaka kwenye mnada.

Wapo wanaosema mlei atapotosha neno. Hofu hiyo naielewa, ndiyo maana ya Alhamisi. Ila wasisahau historia yao. Mwaka 1920 Waingereza walipowafukuza wamisionari Wajerumani wa Leipzig, walimu na wainjilisti Wachagga ndio walioendelea kufundisha na kuhubiri. Babu zetu hawakuagiza mhubiri mwenye bahasha. Wapo pia waliokunja uso siku ya zamu yangu, eti mwanamke. Kanisa linabariki wachungaji wanawake tangu miaka ya 1990, kwa hiyo hao nawaacha na uso wao.

Ninaloomba ni dogo. Zamu ibandikwe mlangoni mwezi mzima kabla, karibu na matangazo ya ndoa ambayo kila mtu huyasoma, isiwe mtu anaguswa bega wakati kwaya inaingia. Mgeni akialikwa, apewe masomo ya siku hiyo na muda wake, na sadaka ipite kwenye vikapu vyetu ihesabiwe na wazee wetu. Na nauli ya mwinjilisti itolewe kabla hajapanda bodaboda, isisubiri aje kuiulizia kwa mhazini Jumatano.

Mzee wa kanisa,
Moshi Vijijini