Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Chama cha Waendesha Bodaboda, Kigoma Ujiji

Ndugu wanachama, hamjambo.

Ya fedha atayasoma mhazini. Ugomvi wa kijiwe cha Mwanga umekwisha, sitaufukua. Mimi nina neno moja tu, la majeruhi wetu.

Mwenzetu wa Gungu alivunjika paja na mbavu mwezi wa Ramadhani. Tukachanga siku ileile, akapasuliwa, tukarudi vijiweni tukijua yameisha. Siku ya tisa homa ikapanda, kifua kikajaa. Amepona, lakini kwa taabu. Mimi mwenyewe nilisema wamemharibu wodini. Nilisema bila kujua, na daktari niliyemfuata alinieleza kwa subira.

Mwili ukipondwa vibaya, seli zilizopasuka humwaga vitu vyake kwenye damu, yakiwemo mabaki ya mitokondria, vile vinu vidogo vya nguvu ndani ya seli. Asili ya mitokondria ni bakteria. Kwa hiyo chembe nyeupe za damu huyaona mabaki yale kama adui aliyevamia, zikashambulia ovyo, hata mapafu yasiyo na jeraha. Papo hapo mwili nao hujaribu kutuliza vurugu, na breki ikikamatwa mno (hapa mnanielewa kuliko daktari) kinga inalala. Limfosaiti, aina mojawapo ya chembe nyeupe za kinga, hupungua, na chembe za kutambulisha vijidudu husinzia. Nimonia na usaha hupata mwanya hapo, siku au wiki kadhaa baada ya ajali, sisi tumeshaacha kwenda kumwona mgonjwa.

Aliyetolewa bandama ana hatari zaidi, maana bandama ndiyo huchuja vijidudu kwenye damu. Huyo anahitaji chanjo, na homa yoyote, hata akidhani ni malaria tu, asilale nayo. Tunaye mmoja humu. Kaniruhusu niseme, bila jina. Wa kijiwe chake wanamjua.

Sasa mfuko. Kanuni yetu inalipa siku ya ajali, basi. Kamati inaomba nusu itolewe siku hiyo, nusu ibaki kwa wiki nne zinazofuata: nauli ya kliniki na chakula. Kidonda na kinga vyote vinataka protini, nasi tunabeba soda! Bebeni migebuka, dagaa, maharage. Na mwenye kidonda cha barabarani aulizie chanjo ya pepopunda, hata kama kidonda ni kidogo.

Wanaokubali wanyooshe mikono. Wanaokataa waseme sababu kabla chai haijaletwa.