Figo yangu ilikwamishwa na mkojo

Mhariri,

Makala yenu kuhusu upandikizaji wa figo ilieleza vizuri habari za kundi la damu na gharama, ila iliruka kitu kilichotuchelewesha sisi wiki sita: mkojo wangu.

Mimi ndiye niliyemtolea figo mdogo wangu. Sikuwa naumwa popote. Mkojo ulipooteshwa maabara, yaani kuwekwa ili wadudu waliomo wakue na waonekane, wakakuta bakteria aina ya E. coli, sugu kwa karibu kila kidonge walichokijaribu. Daktari akaniuliza nimewahi kunywa dawa gani. Nikacheka kwa aibu. Kila nikihisi UTI, nilikuwa napita duka la dawa, nanunua vidonge vya siku mbili, basi.

Nyumbani wajomba wakasema hospitali inatafuta hela. Hawakuelewa kwamba anayepandikizwa hupewa dawa za kushusha kinga ya mwili ili asiikatae figo, kwa hiyo mdudu anayenyamaza kwangu, akihamia kwake pamoja na figo, anaweza kumuua yeye.

Nilichomwa sindano, nikapimwa upya, ndipo tukaingia chumba cha upasuaji. Na sisi tuna bahati, maana mtoaji aliye hai anasubirika. Kwa figo za marehemu, huko zinakotumika, muda huhesabiwa kwa saa, si kwa wiki. Majibu ya kuotesha huchukua siku mbili au tatu, mara nyingine yanafika figo ikiwa tayari ndani ya mtu.

Naomba makala ijayo mumhoji mtu wa maabara. Mdogo wangu anasema mumwulize pia bei ya kile kipimo.

Mama Neema,
Kigamboni, Dar es Salaam